Uongo Mmoja Nilioutia Kwenye Kitabu cha Vita

Nina miaka arobaini na tisa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, ninaishi Rahaleo hapa Mtwara mjini. Nikipita mtaani watoto wananiamkia, na wazazi wananiita mwalimu hata wale ambao sijawahi kuwafundishia mtoto. Kwa macho yao mimi ni mtu mwema.

Laiti wangejua...

Jambo hili limenikaa kooni mwaka wa pili sasa. Nimeshalisema kwa niliowakosea, nimelisema mbele ya kijiji kizima, na bado halijashuka. Labda nikiwaeleza ninyi wasomaji wenzangu litashuka kidogo. Na lisiposhuka, basi angalau mmoja wenu atageuka kabla hajafika nilikofika mimi.

Majina ya watu nimeyabadilisha, na kijiji chenyewe sitakitaja. Jueni tu kwamba kipo kando ya Mto Ruvuma, si mbali na Kitaya. Watu wanalima mpunga bondeni na kuvua samaki mtoni, na ukisimama ukingoni unaiona Msumbiji kwa macho.

Nilipangiwa kituo pale nikiwa na miaka ishirini na minne, ajira yangu ya kwanza. Mimi ni mtoto wa wakulima wa korosho na mihogo wa upande wa Naliendele, sikuwa nimewahi kuishi mbali na nyumbani. Mume wangu alikuwa na kazi mjini, akija kunitazama mwisho wa mwezi. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, hivyo nikapewa chumba kwa Bibi Veronika, mjane aliyeishi na binti yake Filomena. Mimi na Filomena tulilingana umri.

Asili yao ni Msumbiji. Baba yake Bibi Veronika, aliyeitwa Simoni, aliletwa ng'ambo hii akiwa mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, kabla hata ya ile Vita Kuu ya Kwanza. Hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi hapo. Lakini bado walikuwepo watu waliowaita wageni.

Mimi Mwislamu, wao Wakatoliki. Hilo halikutusumbua hata siku moja. Mwezi wa Ramadhani Filomena alinipikia uji wa kufuturu kabla sijamwomba. Krismasi nilishika mchi nikatwanga nao mpunga. Binti yangu Rehema alipozaliwa, Bibi Veronika ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini, na tangu hapo Filomena akaacha kuniita mwalimu, akawa ananiita Mama Rehema. Miaka saba nilikula chungu kimoja na watu wale. Nilihesabiwa mtoto wa nyumba, nami nikakubali kuhesabiwa.

Sasa sikilizeni nilivyowalipa.

Alasiri moja nilikuwa na Bibi Veronika uani, tunamenya ming'oko. Filomena alikuwa shambani. Bibi akaanza kunieleza kwamba wakati wa vita ya Wajerumani watu waliishi kwa mizizi kama hiyo, maana chakula chote kilichukuliwa na majeshi. Kisha akaendelea, na sauti yake ikawa ya chini.

Alinieleza kwamba Wajerumani walipokuwa wanafukuzwa na Waingereza walishuka hadi mtoni, wanatafuta pa kuvukia waingie upande wa Wareno. Walihitaji watu wa kubeba mizigo. Vijana wote wa kijiji wakakimbia, wakajificha kwenye msitu wa ukingoni. Simoni hakukimbia. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda tangu utotoni, akajua hakuna atakayemtwika mzigo. Lakini alipajua mahali ambapo mto una kina kifupi... na alijua wenzake wamejificha wapi.

Askari wakaja wakamshika mama yake. Wakamfunga kamba ya shingo kwenye nguzo ya nyumba. Wakamwambia Simoni kwamba jua halitazama yule mama akiwa hai kama hatasema vijana wako wapi.

"Na waliomfunga si Wazungu," Bibi aliniambia. "Mzungu alikuwa amekaa kwenye kiti chake anakula. Waliofunga ni weusi wenzetu, askari wake."

Simoni akaonyesha. Vijana sita wakatolewa msituni, wakatwikwa mizigo, wakavushwa mto. Hakurudi hata mmoja. Watatu kati yao walikuwa wa tumbo moja.

Simoni aliishi na jambo hilo hadi uzee wake. Aliwalimia mama zao wale vijana kila msimu mpaka wote walipokufa, na hawakujua kwa nini. Alipokuwa anakata roho ndipo alipomwambia binti yake.

"Hakuomba asamehewe," Bibi alisema. "Alitaka mtu mmoja ajue. Nami nimekwambia wewe kwa kuwa ni mwanangu. Usiyapeleke njiani haya."

Nikamwambia sitayapeleka.

Miaka ikapita. Nikahamishiwa mjini. Nikaanza kuandika hadithi fupi za watoto, mbili zikachapishwa, nikaanza kujiona mtu. Ndipo siku moja mhariri mmoja kutoka Dar es Salaam akanipigia simu. Alikuwa kijana mwenye maneno mazuri. Walikuwa wanatafuta mwalimu wa huku kusini aandike kitabu cha watoto kuhusu ile Vita Kuu, lakini kwa jicho tofauti.

"Mwalimu, watoto wamechoka kusoma kwamba Mwafrika alikuwa anaonewa tu," aliniambia. "Na yeye alikuwa na akili zake, alikuwa na uamuzi wake. Tuwaonyeshe hilo."

Sitamlaumu kwa hilo. Alisema kweli. Hata mimi darasani nilikuwa nikiumia. Kwenye vitabu tunavyofundishia, watu wetu wanapita kwa mstari mmoja, kwamba wapagazi wengi walikufa, basi. Hakuna aliyekuwa na jina. Hakuna aliyeogopa, aliyekataa wala aliyekubali. Nani asingependa kuliandika hilo upya?

Lakini nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Babu yake baba yangu alikuwa askari wa Wajerumani. Nyumbani kwetu hiyo ilikuwa fahari. Baba alitusimulia jinsi babu yake alivyotembea kwa miguu nchi nzima, jinsi ambavyo hakuwahi kumkimbia adui, jinsi Wazungu wenyewe walivyomheshimu. Nilikua nikijua kwamba nimetoka kwa shujaa.

Kwa hiyo nikaandika kitabu ambacho shujaa wake ni askari. Nilisema askari wale hawakuwa watumwa wa mtu, walikuwa wanaume hodari walioshika neno lao hadi mwisho. Nilijua wako watakaopinga, maana askari hao hao ndio waliochoma vijiji na kubeba chakula cha watu. Nilipenda wapinge. Nilitaka kuitwa mwandishi mwenye mawazo mapya.

Mhariri akasoma, akapiga simu. Akasema kimependeza, ila kinapwaya. "Shujaa bila adui hana hadithi. Na Mzungu kama adui tumeshamzoea. Hamna Mwafrika aliyekosea humo ndani?"

Nikamkumbuka Simoni.

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba nilisita wiki nzima, kwamba nilikosa usingizi. Nilisita muda wa birika kuchemka tu. Nikajimiminia chai, nikakaa, nikaandika.

Na hapa ndipo dhambi yenyewe ilipo, nisikilizeni vizuri. Ningeiandika ile kamba, mtoto angeuliza: aliyemfunga mama mtu mzima shingoni, si ndiye askari tuliyeambiwa ni shujaa? Kamba ilikuwa mikononi mwa watu wangu. Basi nikaiondoa. Nikamwondoa na mama aliyefungwa. Lakini nilipoviondoa hivyo, nikabaki na mtu anayeonyesha maficho ya wenzake bila sababu yoyote. Hadithi haikusimama. Ilihitaji sababu.

Nikaandika kwamba alipewa pande mbili za kaniki na pakacha la chumvi.

Mstari mmoja tu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia habari ya kaniki wala chumvi. Nilivitoa kichwani mwangu, nikaweka nukta, nikaendelea na ukurasa unaofuata.

Jina lake nililibadilisha nikamwita Mateo. Nikajiambia nimewasitiri. Lakini mguu uliopinda niliuacha humo. Kivuko nilikiacha, na kwamba nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya maji. Nikaacha pia kwamba alizaliwa ng'ambo. Niliviacha kwa sababu vilifanya kitabu kionekane cha kweli. Mtu yeyote wa kijiji kile angejua ni nani. Nilijua kwamba wangejua... na nikatuma.

Kitabu kilipotoka kilizua maneno, kama nilivyotaka. Wengine walisema ninawafundisha watoto kuwatukuza waliowaua babu zao. Wengine walinisifu kwamba nimewafungua macho. Nikaalikwa kwenye mkutano wa walimu, nikakalishwa meza ya mbele. Nilisimama pale na gauni langu jipya nikasema kwa kinywa changu, "Watoto wana haki ya kujua kwamba hata sisi wenyewe tuliuzana."

Nikapigiwa makofi. Bado nayasikia.

Miezi michache baadaye nakala zikapelekwa shule za kando ya mto. Filomena akanipigia simu.

"Mama Rehema, kitabu chako kimefika huku."

Nikamuuliza amekionaje.

"Anita ndiye aliyekileta kutoka shule." Anita ni binti yake, wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja. "Anasoma vizuri siku hizi. Amemsomea bibi yake chote."

Nikangoja aseme zaidi. Simu ikakatika, nami sikumpigia tena. Nilijiambia mtandao wa kule mbovu. Ningeweza kupiga kesho yake, na kesho kutwa. Mtandao gani ulio mbovu miezi minne?

Habari nilizipata kwa mwalimu mwenzangu anayefundisha kule. Watoto walikuwa wamemtambua Mateo siku ya kwanza. Anita wakampa jina, wakawa wanamwita Kaniki. Akipita uwanjani wanamuuliza, "Kaniki, leo unauza wangapi?" Mtoto akaacha kwenda shule. Aliondoka nyumbani asubuhi amevaa sare, akaenda kukaa kwenye majaruba ya mpunga mpaka saa saba, kisha akarudi kama aliyetoka darasani. Ilichukua wiki tatu mama yake kugundua.

Kisha ikawafikia watu wazima. Pale kijijini yupo mzee nitakayemwita Mzee Nahonyo. Wale vijana watatu wa tumbo moja walikuwa kaka za babu yake. Si mtu mbaya, msimwone mbaya. Maisha yake yote alijua kwamba ndugu zake walichukuliwa na vita, na vita haina uso wa kuuchukia. Mimi nikampa uso. Nikamwambia kwamba waliuzwa na jirani, kwa chumvi.

Mzee Nahonyo akaenda ofisi ya kijiji na kitabu mkononi, akidai shamba la mpunga la akina Filomena lililo pale kivukoni. Alisema lile shamba wamelipata kwa damu ya ndugu zake. Mwenyekiti akamjibu kwamba kitabu cha watoto si ushahidi wa ardhi. Akaondoka. Lakini msimu ule hakuna aliyekwenda kuwasaidia kupanda kama ilivyo desturi. Asubuhi moja wakakuta nusu ya miche imeng'olewa na kutupwa njiani. Na bombani mwanamke mmoja akamwambia Filomena kwamba kama mambo yamewashinda, warudi kwao.

Kwao wapi? Filomena amezaliwa pale. Mama yake amezaliwa pale.

Nilijua yote hayo na bado nilikaa mjini. Nilikuwa nafundisha, nasahihisha madaftari, naenda kwenye mikutano. Nilikwenda tu nilipoambiwa kwamba Bibi Veronika hali chakula.

Filomena alinipokea mlangoni. Aliniambia karibu, akanipa kiti, wala hakuniangalia usoni. Bibi alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amekuwa mdogo kama mtoto. Nikainama nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja." Akanishika mkono. Akaniuliza habari za Rehema, kama ameshaolewa, kama bado anaumwa kifua wakati wa kipupwe. Hakuna neno hata moja la lawama. Nikaanza kufikiri kwamba labda mambo si makubwa kama nilivyosikia.

Kisha akasema, "Nikuulize, mwalimu. Ile kaniki... uliipata wapi?"

Nikamvutia shuka kwa mkono mwingine.

"Baba hakuniambia habari ya kaniki," aliendelea. "Aliniambia ya kamba. Ya kamba aliniambia mara tatu, na kila mara alilia. Nimewaza sana hapa nilipolala. Nikasema labda mwalimu ameona kwenye maandishi ya Wajerumani, ninyi mnasoma. Labda baba aliona aibu kunimalizia."

Mnaona, wasomaji? Yule mama hakunishuku mimi. Kitabu ni kitabu, na mimi ni mwalimu, na ni mwanawe. Alimshuku baba yake.

Nilihitaji maneno mawili tu. Niliitunga, bibi. Hata mtoto wa chekechea angeweza kuyatamka. Filomena alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Nikamtazama yeye, nikaitazama sakafu... na nikasema, "Niliisoma mahali, bibi. Lakini hata walioandika huwa wanakosea."

Akatikisa kichwa taratibu. Akauachia mkono wangu. Hakuutupa, aliuachia tu, kama mtu aliyekumbuka kitu kingine.

"Kumbe," akasema. "Kumbe alichukua."

Nilikaa saa moja nyingine pale, nikanywa chai yao. Nilijiambia kwamba wiki ijayo, mitihani ya muhula ikiisha, nitarudi nimweleze akiwa na nguvu kidogo.

Bibi Veronika alifariki siku ya tisa.

Kijiji kile kikiwa na msiba, watu hujaa mpaka barabarani. Safari hii katekista alikuja, wanajumuiya wachache walikuja, wakaimba. Majirani wengi hawakuonekana. Wanaume wa kubeba jeneza walipungua, ikabidi ndugu waliovuka kutoka ng'ambo wabebe wale wale tangu nyumbani hadi makaburini bila kupokezana. Mimi nilikaa na wanawake. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule mwalimu aliyeandika." Alisema kwa heshima, kana kwamba nimefanya kazi nzuri.

Baada ya mazishi nilimkuta Filomena nyuma ya nyumba anasugua masufuria. Nikachuchumaa karibu yake.

"Mama Anita," nikamwambia, "ile kaniki niliitunga mimi."

Akaendelea kusugua. "Uliitunga."

"Ndiyo."

"Na kamba ulikuwa unaijua."

"Naijua. Bibi aliniambia mwenyewe."

"Sasa kwa nini uliitoa?"

Nikamweleza habari za babu wa baba yangu. Nikamwambia kwamba alivaa sare ile ile ya waliomfunga mama yake Simoni, na kwamba sikutaka achafuke. Kusema vile kulikuwa kugumu kuliko kufa.

Akaweka sufuria chini. Akakaa na mikono yake imejaa majivu.

"Mama amekufa anamwona baba yake mwongo," alisema. "Siku mbili za mwisho alikuwa anamwita. Anamuuliza, baba, ulichukua? Baba, ulichukua? Mimi nikafikiri ni homa."

Nililia. Yeye hakulia. Nilitaka anipige, anitukane, anifukuze. Hakufanya hata moja.

"Leo sina la kukujibu, Mama Rehema," akasema. "Lakini usiniambie mimi peke yangu. Waambie waliokisoma."

Nikarudi mjini nikampigia mhariri. Akasikitika kidogo, akasema tutarekebisha toleo lijalo. "Ni hadithi, mwalimu, si kesi mahakamani. Na mjadala unasaidia kitabu." Nikaandika barua ya kukikataa kitabu changu mwenyewe. Ilichukua miezi kadhaa wakaacha kukisambaza. Lakini vilivyokwisha toka vimetoka, vipo kwenye mabegi ya watoto hadi leo. Mume wangu alinishauri ninyamaze, mambo yatapoa yenyewe. Kwangu hayakupoa. Nikamwomba mwenyekiti wa kijiji nafasi kwenye mkutano.

Nilisimama mbele ya wale watu walionijua tangu nikiwa mwalimu kijana. Nikasoma ule ukurasa, kisha nikawaambia kipi humo ni uongo na ukweli wake ni upi kama Bibi Veronika alivyonieleza, maana sasa siri yenyewe nilikuwa nimeshaivunja vibaya zaidi, na Filomena ndiye aliyeniruhusu niimalize. Nikawaambia kwamba kamba ilishikwa na askari. Nikawaambia babu wa baba yangu alikuwa askari. Kama alikuwepo siku ile sijui. Huenda alikuwepo.

Mzee Nahonyo akasimama.

"Mwalimu, mwaka jana ulituambia kaniki. Leo unatuambia kamba. Nani amekulipa useme kamba?"

Wengine wakacheka. Ningemjibu nini? Mtu akishakamatwa na uongo mmoja, hata ukweli wake unakaguliwa kama mzigo wa magendo.

Aliyeniokoa, kama ni kuokolewa, ni mwanamke mmoja mzee sana aliyekaa na wajukuu zake nyuma. Hakuwa ndugu yao wala rafiki yao. Alisema kwamba bibi yake alikuwa mjane mwenye shamba la muhogo, na yule mwanaume mwenye mguu mbovu alikuwa akija kumpalilia kila mwaka. Hakupokea hata ugali. "Sisi wasichana tulikuwa tunacheka, tunasema anamtaka bibi," alisema. "Mtoto wa bibi ni mmoja wa wale sita."

Hapo kicheko kikaisha. Watu wakaanza kuondoka wawili wawili, wanazungumza kwa sauti ndogo. Mzee Nahonyo shamba hakulidai tena. Lakini hadi leo hapiti mbele ya nyumba ya Filomena, anazungukia njia ya juu.

Siku iliyofuata nikaomba niingie darasani, darasa la sita, walio na kitabu changu. Nikawaeleza watoto kama nilivyowaeleza wazazi wao. Nilipomaliza, msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ulijua ni uongo, halafu ukaandika. Sasa hivi vitabu vingine sisi tutajuaje?"

Nimefundisha miaka ishirini na tano. Sijawahi kuulizwa swali nikakosa pa kushika kama siku ile. Nikawaambia waulize, waulize watu wa nyumbani, waulize na walimu, wasichoke kuuliza. Yule msichana akaandika kwenye daftari lake, lakini niliona kwenye uso wake kwamba halikumtosha. Hata mimi halikunitosha.

Anita hakuwa darasani humo. Mama yake alimpeleka kwa shangazi yake mji mwingine akaanze upya, akarudia mwaka. Nilimwambia Filomena nimchukue mimi, akae kwangu Rahaleo, nimsomeshe kama wangu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu hatalala chini ya paa lako." Simlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, na upole nisingekuwa nao.

Tunasalimiana kwa simu mara moja moja, Idi na Krismasi. Ananiita mwalimu siku hizi. Hajaniita Mama Rehema tena.

Ndugu zangu wasomaji, sisemi watoto wasiandikiwe vita kwa jicho jipya. Waandikiwe. Waambiwe kwamba waliofunga kamba walikuwa watu wetu, na waliofungwa walikuwa watu wetu, na kwamba mtu anaweza kutenda jambo baya huku amebanwa koo. Hilo ndilo lingekuwa jicho jipya, nami nilikuwa nalo mkononi, nikalitupa ili nimsafishe babu yangu. Nikaita uoga wangu mtazamo tofauti.

Nakusihi wewe unayeandika, wewe unayefundisha, wewe unayesimulia wajukuu jioni. Ukipewa siri ya mtu, omba ruhusa kabla hujaitoa nje. Ukiona ukweli unaiumiza nyumba yako, usiugeuze uiumize nyumba ya jirani. Mtoto haulizi hadithi umeipata wapi. Anaamini, anakwenda nayo shuleni, anampigia nayo mwenzake.

Na kama yupo mtu uliyemdanganya na bado anapumua, acha kusoma hapa uende kwake. Usiseme wiki ijayo. Mimi nilikuwa nangoja mitihani iishe.